Ushuhuda wa Kilo Hamsini

Jumatatu, tarehe 14 Julai 2025. Asubuhi ile Kayole iliamka chini ya wingu zito la rangi ya jivu, na yale manyunyu ya Julai ambayo hayanyeshi wala hayakomi yalikuwa yameshalowesha kila kitu, hata nguo zilizoanikwa ndani ya nyumba.

Inspekta Mbeti alisoma jalada akiwa amesimama. Halikuwa jalada la kumfanya mtu avute kiti. Lilikuwa na ukurasa mmoja, na ukurasa wenyewe ulisema kwamba betri nne za sola zimeibwa Jumapili kutoka nyumba mpya ya Mzee Kyule, nyuma ya Spine Road, wakati mwenyewe alipokuwa kanisani. Mshukiwa: Okoth, mlinzi. Makazi: mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga. Upelelezi ulikuwa umeishia hapo, kama gari lililokosa mafuta mlangoni pa karakana.

"Konstebo Mativo, ushahidi uko wapi?"

"Uko hapo chini, madam."

"Hapo chini pameandikwa anapoishi."

"Ndiyo, madam."

Mbeti alimtazama kama mtu anavyomtazama nzi aliyetua kwenye chai yake. "Kesho saa tatu asubuhi huyu mtu anasimama kortini. Hakimu akikuuliza aliiba kwa njia gani, utamjibu nini? Mukuru?"

Mativo alikuwa na miaka thelathini na viatu vinavyong'aa. Alivitazama.

Walimkuta Okoth ameketi sakafuni mwa selo, mtu mrefu, mwembamba, viatu vyake vimetolewa kamba. Alisimama kwa heshima.

"Uliwahi kuzigusa hizo betri?" Mbeti aliuliza.

"Sijawahi, madam. Injinia wa sola alisema mtu akigusa, garantii imekufa. Niliziogopa kama maiti."

"Jumapili alikuja nani?"

"Injinia mwenyewe, na pikipiki. Saa tatu hivi, wenye nyumba wakiwa kanisani. Akasema anapanda kupima paa. Sikumwona akipanda. Alikaa muda wa kumaliza kikombe cha chai, akatoka na gunia kwapani."

"Gunia kubwa?"

"La kukunja tu. Kama limebeba magazeti makuukuu."

"Na hayo ulimwambia konstebo?"

"Nilimwambia. Akaniuliza ninaishi wapi. Nikamwambia. Akafunga kitabu."

Mbeti aligeuza shingo polepole. Mativo alikuwa ameanza kusoma kwa makini bango la ukutani linalokataza hongo.

"Madam," Okoth alisema, sasa kwa sauti ya chini, "mimi nikienda rumande, mke wangu na watoto watatu watafungiwa nje ya ile nyumba ya mabati wiki hii hii. Mwenye plot anangoja sababu tu. Na nikitoka huko, nani ataniajiri tena kulinda hata banda la kuku?"

"Keti," Mbeti alisema. "Usiongee na mtu mwingine mpaka nirudi."

Nyumba ya Mzee Kyule ilikuwa na orofa moja juu, na upande mmoja madirisha yalikuwa bado hayana vioo. Mzee alikuwa ameendesha lori la kiwanda cha sabuni cha Industrial Area kwa miaka thelathini, na hii ndiyo ilikuwa ndoto yake ya kustaafu: kuishi mahali ambapo stima ikipotea mtaa mzima, yeye hatapapasa mshumaa. Alisimama kibarazani mikono nyuma, kama mfiwa anayepokea wageni.

Pembeni yake alisimama Injinia Makokha. Alikuwa amevaa suti ya buluu na helmeti nyeupe ya ujenzi, mahali ambapo hakukuwa na kitu cha kumwangukia isipokuwa manyunyu.

"Niaje, madam! Karibu site!" alisema, mkono mbele.

Mbeti aliupita mkono ule. "U mzima, Mzee?"

"Mimi ni mzima, Inspekta. Nyumba ndiyo imeugua."

"Mimi sitaki kuwasumbua," Makokha aliendelea, akiurudisha mkono mfukoni bila haya. "Mwizi mmeshamkamata. Nahitaji tu ile karatasi ya polisi niipeleke kwa watu wa bima. Dakika tano, kila mtu aendelee na kazi yake."

"Una haraka."

"Muda ni kitu cha maana kwa watu wa kazi, madam."

"Kwa hao, ndiyo."

Kabla Makokha hajamaliza kulikunja tabasamu lake, Mativo alipiga kelele kutoka nyuma ya nyumba. "Madam! Njoo uone! Alama za mkokoteni! Walibeba na mkokoteni!"

Kweli, mistari miwili ya magurudumu ilikuwa imechora matope kutoka langoni. Makokha alikuja mbio. "Si nilisema? Okoth na wenzake wa Mukuru! Hao watu wana mtandao!"

Mbeti aliifuata mistari ile akiwa ameinama. Ilipita mlango wa nyuma bila kusimama, ikapinda, ikafika kwenye pipa la fundi wa plasta. Hapo chini palikuwa na miduara ya mitungi, mmoja baada ya mwingine, ishirini na kitu.

"Hongera, Konstebo," alisema. "Umemkamata muuza maji."

Fundi wa plasta aliyekuwa juu ya jukwaa alicheka mpaka mwiko ukamponyoka.

Stoo ilikuwa chini ya ngazi, chumba kisicho na dirisha. Kufuli ilikuwa imekatwa kwa msumeno wa chuma. Ndani, sakafu mpya ya saruji ilikuwa imefunikwa na vumbi jembamba, na ukutani uliegemea mfuko mmoja wa saruji uliobaki. Mbeti aliwakataza wote kuingia. Alichuchumaa kizingitini na tochi, akatazama muda mrefu.

Palipokaa maboksi palikuwa pameachwa miraba safi katikati ya vumbi. Aliihesabu. Akaihesabu tena.

"Mzee, maboksi yalikuwa mangapi?"

"Manne."

"Miraba ni mitano."

Alisogeza tochi. Ndani ya mraba mmoja, karibu na ukuta wa kushoto, kulikuwa na alama mbili za mviringo, zilizokaa pamoja, na nyingine kama hizo zilijaa chumba chote. Kando ya mlango aliokota chembe mbili tatu nyeupe, nyepesi, zile ambazo watu huzikuta kwenye katoni za televisheni. Alizitia kwenye bahasha.

"Hizi duara ni nini, madam?" Mativo alinong'ona. "Wezi walipiga magoti?"

Mzee Kyule alicheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Hao ni akina mama wa maombi. Jumamosi walikuja kuiombea nyumba kabla hatujahamia. Wakaomba kila chumba, hata choo. Humu stoo waliingia sita, wakabanana kama dagaa."

Mbeti alisimama, akapangusa magoti. Hakuonyesha kitu usoni. Alimwita Makokha kwenye meza ya mbao ya mafundi, akamwekea karatasi na kalamu.

"Andika taarifa yako. Kwanza nisomee mpango wa mtambo."

Makokha aliukunjua mpango kama mtu anayefungua bendera. Kurasa sita zenye rangi, michoro na mishale. "Hii, madam, ni kazi ya kitaalamu. Kuna betri nne, kila moja ina uzito wa kilo hamsini. Imeandikwa hapa. Si vitu vya kuchezea."

"Ziliingiaje humu Ijumaa?"

"Watu wawili kwa kila boksi. Jasho jingi. Muulize Mzee."

"Ni kweli," Mzee alisema. "Walikuwa wakihema kama ng'ombe wa kulima. Nilitaka kuwasaidia, injinia akanikataza, ati moyo wangu."

"Na tangu Ijumaa kuna mtu aliyezisogeza?"

"Hakuna!" Makokha alisema. "Nani ataweza? Kilo hamsini!"

"Kuna aliyefungua boksi?"

"Hakuna. Garantii."

"Jumapili asubuhi wewe ulikuwa wapi?"

"Kitengela, kwa shemeji. Huku sikukanyaga."

"Andika yote. Weka sahihi."

Aliandika kwa herufi kubwa, na sahihi yake ilichukua nusu ya mstari. Akiwa bado anaipamba, Mbeti aliupiga picha mpango, ukurasa kwa ukurasa, akautuma kwa Deeqa, mwanamke mwenye duka la sola Eastleigh ambaye aliwahi kumtolea ushahidi kwenye kesi ya paneli bandia. Simu ililia kabla hajaiweka mezani. Akaiweka kwa sauti ya wote.

"Inspekta, asalaam aleikum. Hii nyumba iko nchi gani?"

"Kayole."

"Basi mbona inapashwa joto saa nane kwa siku? Na hapa ukurasa wa tatu kuna mashine ya kuyeyusha barafu kwenye njia ya gari."

Fundi wa plasta aliacha kupiga plasta.

"Julai ni baridi," Makokha alisema. "Hata madam amevaa koti."

"Ni nani huyo anayeongea?" Deeqa aliuliza.

"Mtaalamu," Mbeti alisema.

"Mwambie mtaalamu kwamba amezielekeza paneli kusini na kuziinamisha nyuzi arobaini. Huku kwetu jua linapita juu ya utosi. Unazilaza karibu bapa, unaziinamisha kaskazini kidogo ili mvua ioshe vumbi. Huu mpango umetolewa kwenye mtandao, ni wa watu wa theluji. Mwenye nyumba yupo?"

"Nipo, mama," Mzee Kyule alisema.

"Baba, kuna mtu aliyekuuliza unapiga pasi saa ngapi?"

Mzee alifikiri. "Hapana. Huwa tunapiga Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa."

"Una friji? Cherehani je? Stima ikipotea, unataka nini kisizimike?"

"Friji tunayo. Cherehani ipo. Lakini hakuna aliyeniuliza."

"Basi hukuchorewa mpango, baba. Mpango unaanzia mdomoni mwa mwenye nyumba. Ukishajua anatumia nini na saa ngapi, ndipo unajua betri, halafu paneli, halafu waya. Huyo ameanza na betri akaishia na betri. Na wewe kwa nyumba hiyo zingekutosha mbili." Akakata simu.

Makokha alivua helmeti, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Madam, hiyo ni mambo ya ushindani wa biashara. Mpango mbaya si wizi. Betri zilikuwepo, zimeibwa, mwizi yuko ndani."

Na hapo, ingawa Mbeti asingempa hata kiberiti cha kuwasha sigara, alikuwa amesema kweli. Mpango wa kijinga si ushahidi wa wizi. Mtu anaweza kuwa mjinga na bado akaibiwa.

"Mzee," Mbeti aliuliza, "kati ya wale akina mama, nani alipiga magoti karibu na ukuta wa kushoto?"

"Huyo ni Mama Ndete, kiongozi wao. Nitamwita, anakaa nyumba ya tatu." Sura ya mzee ilichangamka. "Utamwona ni muujiza. Miaka sita alikuwa akitembea na bakora kwa sababu ya mgongo. Tangu Jumamosi bakora ameitundika. Jana alitoa ushuhuda, kanisa zima likasimama."

"Ushuhuda wa nini?"

"Mwache aseme mwenyewe. Mimi nitauharibu."

Mama Ndete alikuja na wenzake watatu na birika la chai, kwa maana alikuwa na nia pia ya kuomba ili mwizi atubu. Alikuwa na miaka karibu sabini, kitambaa cheupe kichwani, na alitembea bila bakora, polepole, kama mtu anayevuka mto kwenye mawe. Mbeti aliinuka, akampa kiti. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kumpa mtu kitu.

"Mama, nimesikia una ushuhuda."

"Bwana asifiwe, mwanangu! Tuliingia humu stoo Jumamosi, tumebanana, mimi sina pa kuweka magoti. Boksi limekaa mbele yangu. Na mimi Ijumaa nilikuwa dirishani kwangu, niliwaona wale wanaume wawili wakilibeba, wanataka kufa. Nikasema, Baba, unataka nikuombe nimesimama? Nikaliinamia. Nikalishika. Nikaliinua!" Aliinyanyua mikono juu. "Nikaliweka pale kona. Peke yangu! Mgongo haukusema hata neno. Akina mama hawa ni mashahidi."

"Amina," wenzake walisema.

Fundi wa plasta aliteremka kwenye jukwaa.

Mbeti alimgeukia Makokha, na sauti yake ikawa ya upole unaotisha. "Miraba mitano, maboksi manne. Sasa tunajua nani alilisogeza. Kilo hamsini, umeandika. Watu wawili, umeandika. Ajuza mwenye mgongo mbovu ameliinua kama sinia ya chapati. Ndani ya maboksi kulikuwa na nini, Injinia? Ni hizi chembe nyeupe? Na jana ulizitia kwenye gunia pamoja na katoni ulizozikunja, ukakata kufuli, ukapanda pikipiki, ili bima ikulipe betri ambazo hazikuwahi kuwepo?"

Macho ya Makokha yalitua kwenye kitambaa cheupe cha Mama Ndete, na uso wake ukalainika kwa namna ambayo ilimfanya hata Mativo arudi nyuma hatua moja.

"Madam," alisema, mkono kifuani, "mimi ni mtu wa kanisa. Wewe unamwambia huyu mama Mungu hakumtendea? Mbele ya wenzake? Roho Mtakatifu ana mipaka ya kilo? Mimi naamini ushuhuda wake. Nauamini wote! Mama, usikubali serikali ikuibie muujiza wako."

Wale akina mama watatu walitazamana. Mmoja alisema "Amina" kwa sauti ndogo, kwa mazoea tu, akajuta.

Mbeti alikuwa amekutana na wezi wa magari, wezi wa mizigo, hata wezi wa majeneza. Mwizi wa kujificha nyuma ya kitambaa cheupe cha bibi kizee alikuwa hajamwona. "Umevaa helmeti," alimwambia, "lakini humo ndani hakuna cha kukilinda."

Hata hivyo alijua pale alipokwama. Bila neno la Mama Ndete, alikuwa na vumbi na chembe mbili za katoni. Mama akishikilia muujiza, boksi lilikuwa na kilo hamsini, betri zilikuwepo, na kesho saa tatu Okoth yuko kizimbani. Alichuchumaa mbele ya kiti.

"Mama, mimi pia ni mtu wa kuomba. Sijui Mungu amefanya nini mgongoni mwako, na sitakuuliza. Mimi nauliza juu ya boksi tu."

Mama Ndete aliutazama mlango wa stoo.

"Okoth ndiye aliyekamatwa?" aliuliza mwishowe. "Yule anayenifungulia lango? Anayenibebea maji?"

"Ndiye."

"Na ule mfuko wa saruji humo ndani una kilo ngapi?"

"Hamsini," fundi wa plasta alisema. "Kila mfuko ni hamsini, mama."

Mama Ndete aliinuka. Mzee Kyule alimzuia, "Dada, usijaribu," naye akamwondoa kwa kiganja. Alienda kwenye mfuko, akafumba macho, midomo ikacheza. Kisha akainama, akaushika masikio, akavuta.

Mfuko haukutikisika. Alivuta tena. Vumbi kidogo la saruji lilimrukia mikononi, basi. Alibaki pale ameinama, na alipotaka kusimama hakuweza. Mativo ndiye aliyekimbia kumshika, akamwinua taratibu, na hakuna aliyecheka.

"Lilikuwa jepesi," Mama Ndete alisema. Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti. "Jumamosi ile ile nililijua ni jepesi. Mkono uliniambia. Lakini nilitaka sana liwe zito." Alimgeukia Makokha. "Wewe mtoto, umenifanya nimshukuru Mungu kwa uongo wako. Mbele ya kanisa zima."

Makokha alianza kusema kitu kuhusu wakili. Mbeti alimpa Mativo ishara, na pingu zikalia. Mativo alizifunga kwa bidii ya mtu anayetaka kosa lake lisahauliwe.

"Helmeti ibaki naye?" aliuliza.

"Mwache nayo. Kule selo dari iko chini."

Mbeti alimsogezea Mama Ndete karatasi safi ya taarifa. Mama hakuketi. Alimwambia mmoja wa wenzake akamletee bakora yake nyumbani, akangoja mpaka ikaja, akaishika kwa mikono miwili. Kisha akawatazama wote mmoja mmoja: Mzee Kyule, wale akina mama, Mativo na mtu wake wa pingu, mafundi waliokuwa wamekusanyika na mikono yenye plasta.

"Nisikieni nyote, mniwekee neno hili," alisema. "Leo nitakwenda kituoni na inspekta, nimwambie Okoth kwa mdomo wangu kwamba ushahidi wake nilikuwa nao mikononi nikaugeuza sifa yangu. Korti ikiniita, siku yoyote, nitakwenda. Na Jumapili nitasimama mahali pale pale niliposimama jana, na bakora hii, niwaambie boksi lilikuwa tupu. Okoth atakuwa ameketi mbele. Naahidi mbele za Mungu na mbele yenu."